Mgeni wa Virginia na Hadithi za Mbooni

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii twaisema kila siku, aghalabu kwa mzaha, pale mgeni anapoandaliwa sinia la pilau na watoto wa nyumbani nao wakapata kutia mkono. Leo nataka kuitumia kwa jambo zito zaidi. Nataka kumkumbuka mgeni mmoja aliyekuja Kenya kutoka Marekani katika miaka ya mwisho ya sitini, akaenda Ukambani, akaketi mbele ya wazee na kuwauliza: mlitoka wapi, mlipita wapi, na nani aliyekuhadithieni haya? Mgeni huyo ni marehemu Profesa Kennell Jackson, mwalimu wa historia, aliyefariki dunia mwezi wa Novemba 2005 akiwa na umri wa miaka 64.

Kilichonikumbusha habari zake ni msiba mwingine. Tarehe 30 Januari 2025 alitutoka Profesa Bethwell Ogot, mzee wa wanahistoria wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1929. Magazeti yalijaa sifa zake, na alizistahiki. Nami nikaenda kwenye rafu yangu kutafuta vitabu alivyovihariri, nikafunua kimoja kilichotoka mwaka 1976, Kenya Before 1900. Ndani yake mna makala nane, na moja ni ya historia ya Wakamba kabla ya ukoloni. Aliyeiandika si Mkamba wala si Mkenya. Ni huyo Jackson.

Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza: haya ya Kitui na Makueni yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yatuhusu, tena sana, na hilo ndilo nililokusudia kulieleza.

ALIKOTOKA

Jackson alizaliwa mwaka 1941 katika jimbo la Virginia. Jina hilo lina uzito wake. Virginia ndiko walikoshushwa, mwezi wa Agosti 1619, Waafrika wa kwanza kuuzwa katika makoloni ya Waingereza ya Marekani Kaskazini. Walishushwa mahali paitwapo Point Comfort, ambapo siku hizi ni sehemu ya mji wa Hampton. Na katika mji huo huo kilianzishwa mwaka 1868 chuo cha kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani. Jackson alisoma katika chuo hicho. Utoto wake ulikuwa wa zama za ubaguzi, ambapo mtoto mweusi wa Virginia hakuruhusiwa kukaa darasa moja na mtoto mweupe.

Kutoka huko alipanda ngazi za elimu mpaka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na huko mwaka 1972 akatunukiwa shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya masimulizi ya Wakamba wa Kenya. Tangu mwaka 1969 alikuwa amekwisha kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, na huko alifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Hakuwa mwalimu wa kuingia darasani na kutoka. Kwa zaidi ya miaka 20 aliishi na wanafunzi katika bweni lao, akiwa mlezi wao. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha historia ya Wamarekani weusi, nacho amekipanga kwa maswali 170 na majibu yake. Huyo ndiye Jackson: mtu wa kuuliza.

Nami huwaza hivi. Watu weusi wa Virginia ni wajukuu wa watu walionyang'anywa majina, lugha na vijiji vyao. Mmoja wao hawezi kwenda kwa babu yake akamwuliza, sisi ni wa mlima gani, mto gani, ukoo gani? Uzi ulikatwa baharini. Kisha mjukuu wa watu hao anavuka bahari kwa hiari yake, anafika Ukambani na kumkuta mzee asiyejua kusoma herufi moja lakini anayejua alikotoka babu wa babu yake. Hakuna awezaye kuijua thamani ya maji kuliko aliyekaa na kiu.

NENO HADITHI

Wakati ule kazi yake ilikuwa ya kushindana na wakubwa. Mwaka 1963 profesa mmoja mashuhuri wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliokuja Afrika, na kwamba yaliyobaki ni giza tupu. Maana yake ni kuwa pasipo karatasi hapana historia. Waliompinga hawakumpinga kwa matusi. Jan Vansina wa Ubelgiji alikwisha kutoa kitabu mwaka 1961 kueleza jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa na kuaminiwa. Ogot akafanya kazi hiyo kwa Waluo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Jackson akaenda Ukambani.

Lakini kwetu sisi tuliosoma chuoni, jambo hili si geni hata kidogo. Chama cha Historia cha Kenya kilipoanza kuchapisha makala za mikutano yake mwaka 1968, vitabu hivyo vilipewa jina la Hadith. Sisi twalijua neno hili tangu utotoni. Mwalimu alitufundisha kwamba hadithi ina sehemu mbili: maneno yenyewe, na sanadi, yaani mnyororo wa waliopokezana maneno hayo. Mnyororo ukikatika, maneno hayashiki hata yakiwa matamu namna gani. Tulisimuliwa jinsi Imamu Bukhari alivyosafiri mwendo mrefu kumfuata mtu mwenye hadithi, akamkuta anamwita mnyama wake kwa kumwonyesha nguo kana kwamba imebeba chakula, nayo haina kitu. Imamu akageuka akarudi. Mwenye kumdanganya mnyama hakuaminiwa kwa maneno ya Mtume.

Wala sisemi kwamba masimulizi ya ukoo wowote yanalingana na hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Hasha! Nasema kwamba adabu ya kuuliza ni moja. Nani kakwambia? Naye kasikia kwa nani? Wa ukoo mwingine anasemaje? Mwanahistoria wa masimulizi huwalinganisha wazee wa koo mbalimbali, huhesabu vizazi na marika, na hushika matukio ambayo kila mtu anayajua. Ukambani njaa zina majina, na majina hayo ndiyo kalenda. Mwulize mzee baba yake alizaliwa lini, atakwambia alizaliwa karibu na njaa ya Ngomanisye. Hiyo ndiyo njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilifika kila mahali. Jackson alizithamini sana habari hizi za njaa. Mwaka 1976 alitoa makala nyingine maalumu juu ya jinsi jamaa za Wakamba zilivyokabiliana na njaa katika karne ya 19.

MTO MMOJA

Ni nini basi wanachohadithia wazee wa Ukambani? Kwa ufupi husema kwamba wahenga wao walitoka pande za nyika zilizo karibu na Kilimanjaro, wakapita Chyulu, wakafika Nzaui, kisha wakapanda milima ya Mbooni. Nzaui na Mbooni zote ziko katika kaunti ya Makueni ya leo. Huko Mbooni walikuta mvua na vijito, wakalima na kuzaana, hata ardhi ikawa haitoshi. Ndipo wengine wakavuka mto Athi wakaenda Kitui.

Kitui ni nchi kame kuliko Mbooni. Mwenye kutegemea jembe peke yake hapo hulala na njaa. Kwa hiyo watu wa Kitui wakawa hodari wa uwindaji na wa kwenda mbali kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, jambo wanaloliita kuthuua. Safari za kutafuta chakula zikazaa safari za biashara, na safari za biashara zikawaleta kwetu.

Tazama ramani, ndugu msomaji. Mto Athi unaozitenga Makueni na Kitui ndio uitwao Galana ukishuka chini, na ndio huo huo Sabaki unaoingia baharini kaskazini ya Malindi. Maji anayoyachota mama wa Kitui leo, kesho kutwa yatapita kwetu. Watu nao walikuja kama maji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba walikuwa ndio mabingwa wa kuleta pembe za ndovu Mombasa. Walishuka kwa misafara yao wenyewe, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na waya za shaba. Njaa kubwa ya mwaka 1836 ilipowafukuza kwao, wengine walihamia huku moja kwa moja, wakaweka makao katika nchi za Wamijikenda, Rabai ikiwa mojawapo. Mkamba wa Rabai si mgeni wa jana.

Mtajika wao mkubwa alikuwa Kivoi wa Kitui. Huyu ndiye mwenyeji wa Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai. Krapf alipofika kwake mwaka 1849, tarehe 3 Desemba aliuona mlima wenye theluji, na jina la mlima huo alilisikia kwa Wakamba. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Watoto wa shule hukaririshwa kwamba Krapf aliuona mlima. Ni wachache wanaoambiwa ni nani aliyempa mahali pa kulala. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo.

Baadaye mambo yakageuka. Watu wa pwani wakaanza kupanda bara na misafara yao wenyewe, wakafika Kitui na kupita. Misikiti iliyoko mji wa Kitui na Waislamu wa huko mizizi yao inafika kwenye safari hizo. Na tusijidanganye: misafara ile haikubeba pembe tu. Ilibeba na wanadamu. Aliyesoma Kurani anajua malipo ya kumwacha mtumwa huru yalivyotukuzwa, lakini wengi katika wazee wetu walipenda faida ya soko kuliko thawabu hiyo. Jambo hili lazima lisemwe na sisi wenyewe, kwa ulimi wetu, kabla hatujasemewa.

Wala uhusiano wetu haukuishia kwenye misafara. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi ardhi, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu mpaka Nairobi kudai haki yao. Alipokamatwa, mkoloni alimhamishia wapi? Lamu. Kwa hiyo shujaa wa Ukambani alikula ugeni wake katika mji wa mashairi na Maulidi. Je, ni shairi gani la Lamu linaloimbwa leo la kumtaja? Ni mjukuu gani wa Lamu anayeweza kutwambia alikaa nyumba ipi, na nani alimpa sahani ya chakula?

NYANYA YANGU

Hapa ndipo ninapojishtaki mwenyewe. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na neno moja alilolirudia. Akituona tunachelewa kurudi tulikotumwa, akisema, "Mwaenda kama babu yangu alivyokwenda Kitui." Tulikuwa tukicheka. Kwetu lilikuwa ni fumbo la kizee, kama mafumbo yake mengine. Alipofariki mwaka 1989 ndipo nilipoambiwa na mama kwamba halikuwa fumbo. Babu yake yule alitoka kweli na msafara, akaenda Kitui, asirudi. Alikwenda na nani? Alikufa au alioa huko akakaa? Alibeba nini, au nani? Nilikuwa na nyanya huyo nyumba moja kwa miaka 18, nimehifadhi juzuu, najua mizani na vina, najua nani kapokea nini kwa nani katika vitabu vya Bara Arabu, na nyanya yangu sikumwuliza hata swali moja.

Juzijuzi nilisafiri kwenda Kitui. Siku hizi barabara ni ya lami. Unatoka Mombasa mpaka Kibwezi, huko Makueni, ukakata kulia, ukavuka Athi, ukapita Ikutha na Mutomo, mpaka Kitui mjini. Baada ya sala ya Alasiri nilimwendea mzee mmoja msikitini nikamweleza habari ya babu wa nyanya. Alinisikiza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, aliyekuwa akizijua habari za watu wa misafara tulimzika mwaka juzi. Mbona ulikawia?" Sikuwa na jibu.

Lakini mgeni wa Virginia hakukawia. Alifika wakati wale waliozaliwa karibu na njaa ya Ngomanisye wangali hai, akaandika waliyosema. Wazee wale wote wamekwisha kwenda zao, naye amewafuata. Yamebaki maneno.

TUSEMEJE?

Najua kuna watakaosema kwamba haifai kumsifu mgeni kwa kuandika historia ya wenyeji. Nami naafiki kwamba mwenye nyumba ndiye wa kwanza kustahiki kuieleza. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwisha kuandika juu ya uchumi wa Wakamba katika Hadith ya pili, mwaka 1970, na wako wengine. Kazi ya Jackson nayo ina upungufu wake mkubwa, ambao si kosa lake peke yake: imo katika Kiingereza, nayo tasnifu yake imo katika maktaba za vyuo vya ng'ambo. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa Mbooni hawezi kuyasoma maneno ya babu yake kwa lugha aliyoyasema. Hilo ni deni, na deni hilo halimlazimu marehemu. Latulazimu sisi.

Watakuwako pia watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watu wa bara, nasi tuna yetu. Hao nawakumbusha Suratul-Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana. Hakusema tudharauliane. Zamani watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na hadi leo neno hilo halijafa midomoni mwetu. Aliyeitwa mshenzi ndiye aliyehifadhi habari za vizazi vyake kifuani. Na sisi tulioitwa wastaarabu, wenye wino na karatasi, tumehifadhi nini juu yake?

Hata hicho tunachojivunia, tumekipata kwa bahati. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyajua na kuyaandika, na padre Mwingereza W. E. Taylor akayakusanya. Karatasi za Taylor ziko London. Lau Mwalimu Sikujua angekuwa mvivu kama mimi nilivyokuwa kwa nyanya yangu, Muyaka angekuwa jina tu.

Shauri langu ni hili. Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni. Basi kaunti za Kitui na Makueni zitafute ruhusa ya kufasiri kazi za Jackson na wenzake kwa Kikamba na Kiswahili, zikae katika shule zao. Nasi wa Mombasa, Kilifi na Lamu tuifanye nusu yetu ya kazi. Wazee wa Rabai na Jomvu, wa Mji wa Kale na wa Lamu, wanayo yao juu ya Wakamba waliokuja na jamaa zetu waliokwenda. Vijana wetu kila mmoja ana simu mkononi inayorekodi sauti. Mwaka ule wa sitini na kitu mtafiti alibeba mashine nzito ya tepu mlimani. Sisi chombo tunacho mfukoni, kilichopungua ni adabu ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Kitui kuna chuo kikuu chao. Wanafunzi wa pande mbili wakutane, wa Kitui alete ya wazee wake na wa Kilifi alete ya wazee wake, kisha yalinganishwe, sanadi kwa sanadi. Yale maneno ya Mbooni yatapata mwenziwe wa Mombasa, na ukweli utajulikana, mtamu kwa mchungu.

Profesa Jackson hakuzikwa Ukambani, na sijaona jina lake barabarani Kitui wala Wote. Simwombei mtaa. Malipo ya kila mja yako kwa Mola wake. Naomba tu kwamba tumwige katika jambo moja jepesi: leo jioni, baada ya Magharibi, keti na mzee wako, umwulize alikotoka babu yake, na nani aliyemwambia. Kisha andika.

Mgeni alisikiza, wazee wa milimani,
Wenyewe tukapuuza, yaliyo kwetu nyumbani,
Mzee akinyamaza, hadithi i kaburini,
Twende leo kuuliza, tuandikeni jamani.